Kompyuta ya Michezo Itakayodumu: Somo la Kuchagua Sehemu Zake kwa Mfano wa Rwamgasa

Rwamgasa, ambayo wengine huiandika Lwamgasa, ni makazi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Mkoa wa Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Hapo mawe yenye dhahabu husagwa katika karasha, yaani pipa nene la chuma linalozungushwa na injini au mota, huku gololi za chuma zilizomo ndani zikiyaponda mawe mpaka yawe unga. Mwenye karasha hajisifu kwa unene wa pipa lake. Anajua kwamba pipa halivunjiki upesi. Kinachosimamisha kazi ni beringi iliyoingia vumbi, mkanda uliokatika, au injini iliyopata joto kupita kiasi. Kwa hiyo hutafuta beringi nzuri kabla ya kufikiri habari ya kupaka pipa rangi.

Kanuni hiyo ya karasha ndiyo msingi wa somo hili. Vijana wengi siku hizi, wakiwemo wa miji midogo ya machimbo, hutamani kujiundia kompyuta yenye uwezo wa kuendesha michezo ya picha zinazokwenda kasi. Fedha za kazi hiyo hupatikana kwa jasho, na huweza kupotea katika nukta moja siku umeme unaporudi kwa kishindo. Zaidi ya hayo, kompyuta inayomudu michezo humudu pia kuhariri filamu, kuchora ramani za miamba na kuonyesha majaribio ya fizikia mbele ya darasa. Hasara yake basi ni hasara ya chombo cha elimu.

Wanunuzi wengi huuliza ni kompyuta ipi yenye nguvu kuliko zote. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: baada ya miaka sita, ni ipi itakayokuwa bado inafanya kazi?

KAZI INAYOFANYWA NA KOMPYUTA YA MICHEZO

Picha inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta hujengwa kwa nukta ndogo za rangi. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Mchezo ukionyesha picha 60 katika kila sekunde, kompyuta haina budi kukokotoa rangi ya nukta 124,416,000 kwa sekunde. Kioo chenye nukta 3,840 kwa 2,160 kina nukta mara nne ya hizo, na kwa hiyo hudai kazi karibu mara nne.

Kazi hiyo hufanywa na kadi ya picha, ikisaidiwa na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Ndani ya sehemu hizi mbili mna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno zinazoweza kufunguka na kufunga mabilioni ya mara kwa sekunde. Nguvu inayotumiwa na swichi hizo hufuata uhusiano huu:

P = C × V × V × f

ambapo P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, V ni volteji, na f ni idadi ya mipigo kwa sekunde. Mwanafunzi aangalie kwamba volteji imezidishwa kwa yenyewe. Volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10, nguvu hushuka mpaka 0.9 × 0.9 = 0.81 ya ile ya awali, yaani pungufu kwa asilimia 19. Jambo hili litakumbukwa baadaye.

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta huishia kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 250 hupasha chumba joto sawasawa na hita ya wati 250. Hapo ndipo maadui wa kompyuta wanapoanza kuonekana. Nao ni wanne: joto, vumbi, umeme usiotulia, na sehemu zisizopata mwenzake.

ADUI WA KWANZA: JOTO

Joto la prosesa huweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Kila kipozeo, yaani bamba la chuma lenye mapezi na feni, lina kipimo cha upinzani wa joto kinachoonyesha ni nyuzi ngapi hupanda kwa kila wati. Ichukuliwe prosesa ya wati 65 yenye kipozeo cha nyuzi 0.5 kwa wati. Joto litapanda kwa 65 × 0.5 = nyuzi 32.5 juu ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 25 za sentigredi prosesa itafika nyuzi 57.5. Katika chumba chenye paa la bati lisilo na dari, ambacho mchana huweza kufika nyuzi 35, itakuwa nyuzi 67.5. Vumbi likijaa katika mapezi na upinzani ukapanda mpaka 0.9, joto litakuwa 35 + 58.5 = nyuzi 93.5. Prosesa nyingi za sasa hujipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 95 au 100, na hapo mchezo huanza kukwama.

Prosesa yenyewe ina namna ya kujiokoa. Kapasita haina. Kapasita za elektroliti ni mikebe midogo yenye umajimaji ndani, ipatikanayo kwenye kigeuza umeme na mara nyingine kwenye ubao mama. Kazi yake ni kutuliza umeme. Umajimaji huo hukauka polepole, na joto huharakisha ukaukaji. Wahandisi hutumia kanuni ya kukadiria isemayo kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu.

Mfano: Kapasita mbili zimeandikwa na kiwanda kuwa hudumu saa 2,000. Ya kwanza hudumu saa hizo katika nyuzi 85, na ya pili katika nyuzi 105. Zote zitumike katika nyuzi 65. Ya kwanza imeshuka kwa nyuzi 20, kwa hiyo maisha yake ni 2,000 × 2 × 2 = saa 8,000. Ya pili imeshuka kwa nyuzi 40, na maisha yake ni 2,000 × 2 × 2 × 2 × 2 = saa 32,000. Kompyuta ikitumika saa 8 kwa siku, kapasita ya kwanza itadumu siku 1,000, ambazo hazitimizi miaka mitatu. Ya pili itadumu siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Tofauti ya bei kati ya kapasita hizo mbili ni ndogo sana, lakini ndiyo inayotenganisha kigeuza umeme kizuri na kibovu.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu kulidhihirika duniani kote mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale kapasita nyingi zenye elektroliti yenye kasoro zilipovimba na kupasuka juu ya mbao mama za kompyuta za makampuni mbalimbali. Prosesa za kompyuta hizo zilikuwa nzima. Kilichoziua kilikuwa kikebe kidogo cha bei ndogo.

ADUI WA PILI: VUMBI NA MTIKISIKO

Vumbi la Rwamgasa si la barabara pekee. Makarasha husaga mawe yenye kwazi, na unga wa kwazi ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Ukiingia katika beringi ya feni huisaga kama msasa, na ukikaa juu ya mapezi ya kipozeo huwa kama blanketi. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, vumbi huongezeka.

Mwinuko wa mahali nao huchangia. Ziwa Viktoria liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Geita iko juu ya hapo. Katika mwinuko wa meta 1,200 hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Feni ileile, ikizunguka kwa mwendo uleule, husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, na kwa hiyo hubeba joto kidogo zaidi. Ndiyo maana kipozeo kinachotosha pwani huenda kisitoshe huku bara.

Njia ya kujikinga ni kuchagua kasha lenye vichujio vya wavu vinavyochomoka na kuoshwa kwa maji. Kadhalika, feni zinazoingiza hewa kupitia vichujio ziwe na nguvu kuliko zile zinazoitoa. Shinikizo la hewa ndani ya kasha likizidi kidogo lile la nje, hewa hupenya kwenye nyufa ikitoka, na vumbi halipati mlango. Feni zikipangwa kinyume chake, kila ufa utavuta vumbi. Feni zenyewe zichaguliwe zile za beringi za gololi au za umajimaji, kwa kuwa feni za kichaka cha kawaida hukauka mapema na kuanza kupiga kelele.

Makarasha pia hutikisa ardhi. Katika diski ya zamani inayozunguka, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanometa chache, ambao ni mdogo mara elfu nyingi kuliko unene wa unywele. Mtikisiko wa mara kwa mara na kukatika umeme ghafla ni hatari kwake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo ndiyo inayofaa. Wengine huogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Hesabu yaonyesha kwamba hofu hiyo ni ndogo: diski ya terabaiti 1 iliyodhaminiwa kuandikwa terabaiti 600, ikiandikwa gigabaiti 50 kila siku, itafikia kikomo hicho baada ya siku 12,000, yaani zaidi ya miaka 32.

ADUI WA TATU: UMEME USIOTULIA

Umeme wa Tanzania hutarajiwa kuwa wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mwishoni mwa laini ndefu, ambako mota za karasha na mashine za kuchomelea huwashwa na kuzimwa, volteji hupanda na kushuka. Kifaa kinachopambana na hali hiyo ni kigeuza umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Hiki hugeuza mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Sehemu zote nyingine hula kutoka mkononi mwake.

Pawa saplai nzuri hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa swichi. Ikichota wati 284, mkondo wake ni ampea 1.23 katika volti 230. Volteji ikishuka mpaka 180, huongeza mkondo mpaka ampea 1.58 ili nguvu ibaki ileile. Kwa kuwa joto la waya hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, nyaya hupata joto zaidi kwa asilimia 63. Soketi iliyolegea au waya mwembamba wa kurefushia huweza kuungua kwa sababu hiyo, hata kama kompyuta yenyewe haionyeshi dalili yoyote.

Ufanisi wa pawa saplai nao upimwe. Ichukuliwe kwamba kompyuta inahitaji wati 250. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70 itachota wati 357, na wati 107 zitapotea kama joto ndani ya kasha. Yenye ufanisi wa asilimia 88 itachota wati 284 na kupoteza 34 tu. Tofauti ni wati 73. Kwa matumizi ya saa 4 kwa siku, hizo ni uniti 107 hivi kwa mwaka. Msomaji azidishe idadi hiyo kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya LUKU, naye ataona kwamba pawa saplai rahisi hudai gharama yake polepole. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha kuwa kifaa kilipimwa na kufikia angalau asilimia 80 katika mzigo mdogo, wa kati na mkubwa. Uzito nao ni ushahidi: pawa saplai nyepesi kama sanduku tupu aghalabu imenyimwa shaba, vipozeo na kapasita.

Baada ya pawa saplai huja UPS, yaani betri ya akiba yenye kirekebisha volteji. Betri yake ya kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Mzigo ukiwa mkubwa, karibu nusu tu ya hizo hupatikana. Kompyuta na kioo zikitumia wati 300, muda ni 42 ÷ 300 ya saa, yaani dakika 8 hivi. Muda huo hautoshi kumaliza mchezo, ila watosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Mambo mawili ya usalama hayana budi kutajwa. La kwanza ni waya wa ardhi, ambao watu huuita erthi. Pawa saplai ina kapasita ndogo zinazounganisha laini ya umeme na kasha ili kuondoa mikwaruzo ya umeme. Nyumba isipokuwa na erthi, kasha huweza kushika karibu nusu ya volteji ya laini, na mtu akiligusa huhisi linamtekenya. Mtekenyo huo ni onyo, na dawa yake ni fundi kuweka erthi iliyo kamili. La pili ni radi. Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na hakuna UPS wala stabilaiza iwezayo kuzuia radi iliyopiga laini. Mawingu yakikusanyika, kompyuta ichomolewe ukutani, pamoja na waya wa antena au wa mtandao.

ADUI WA NNE: SEHEMU ISIYOPATA MWENZAKE

Mashine hufa pia kwa kukosa kipuri. Historia ya Tanzania ina funzo juu ya jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za wakati ule zilitegemea vipuri na wataalamu kutoka nje, na matatizo ya kuziendesha yakawa makubwa mno hata Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Marufuku hiyo ililegezwa miaka iliyofuata, lakini onyo lake bado lafaa: chombo kisichoweza kutengenezwa mahali kilipo ni deni.

Anayejiundia kompyuta ana nafasi ya kuliepuka deni hilo kwa kuchagua sehemu za vipimo vya kawaida. Kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, bado hutumika katika makasha, mbao mama na pawa saplai. Maana yake ni kwamba pawa saplai iliyonunuliwa Kariakoo au Mwanza leo itaingia katika kasha la miaka mingi iliyopita. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa kwa mtumba, kinyume chake, zina pawa saplai na mbao mama za umbo la kampuni moja pekee. Ikiungua moja, nyingine haipatikani.

Kitako cha prosesa kwenye ubao mama nacho kiangaliwe. Kitako cha AM4 cha kampuni ya AMD kilitoka mwaka 2016, na prosesa mpya zilizoingia humo ziliendelea kutolewa hata baada ya mwaka 2022. Aliyenunua ubao huo mapema aliweza kubadili prosesa peke yake baada ya miaka kadhaa na kupata kompyuta yenye nguvu maradufu. Kabla ya kununua, ni vyema kuuliza: je, kitako hiki kina miaka mingapi ya mbele?

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Sasa sehemu zaweza kuchaguliwa kwa mpangilio. Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Kioo. Hiki huamua ukubwa wa kazi yote. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 kinatosha kwa anayeanza, na huruhusu kadi ya picha ya wastani.

2. Kadi ya picha. Zipo kadi zinazomudu kioo hicho kwa wati 115 hadi 135 tu. Kadi ya wati 300 itadai pawa saplai, feni na UPS kubwa zaidi. Kumbukumbu ya kadi isipungue gigabaiti 8, kwa sababu michezo ya miaka ya karibuni huijaza.

3. Prosesa na ubao mama. Prosesa ya wati 65 yenye viini sita yatosha kwa michezo mingi. Ubao mama uwe na vipozeo juu ya saketi zinazogawa umeme kwa prosesa, na uwe na nafasi nne za RAM endapo fedha zaruhusu.

4. RAM. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 hupitisha data kwa kasi kuliko kijiti kimoja cha 16, kwa sababu njia huwa mbili.

5. Diski. SSD ya terabaiti 1 kutoka kwa mtengenezaji anayeandika wazi kiwango cha dhamana.

6. Pawa saplai. Zijumlishwe wati: 65 + 130 + 55 za sehemu nyingine = 250. Kisha ichaguliwe ya wati 500 au 550, ili ifanye kazi karibu na nusu ya uwezo wake, ambapo ufanisi huwa mzuri na feni yake hutulia.

7. Kasha, feni na UPS. Hivi visiachwe vinunuliwe kwa chenji iliyobaki.

Ni kwa kukiuka hatua ya mwisho ndiyo fedha nyingi hupotea. Ichukuliwe kwamba vijana wawili wana fedha sawa. Wa kwanza ametumia shilingi 60 katika kila 100 kwa kadi ya picha, 20 kwa prosesa, na 20 zilizobaki akazigawa kwa vyote vingine, bila UPS. Wa pili amegawa hivi: kadi 33, prosesa 17, ubao mama 12, RAM 8, diski 8, pawa saplai 9, kasha na feni 6, UPS 7.

Mwezi wa kwanza kompyuta ya yule wa kwanza itaonyesha picha nyingi zaidi kwa sekunde, na wenzake watamsifu. Lakini pawa saplai yake ina kapasita za nyuzi 85, kasha lake halina kichujio, na volteji ya mtaa huingia jinsi ilivyo. Ikifa pawa saplai kwa mfupisho, huenda ikaondoka na kadi ile ya shilingi 60. Yule wa pili, baada ya miaka mitatu, aweza kuuza kadi yake, akaongeza fedha kidogo na kupachika mpya, kwa kuwa pawa saplai, kasha na ubao mama vingali vizima na vina nafasi ya ziada. Amenunua msingi mara moja. Atakachobadilisha ni paa.

Baada ya kuunda, ile hesabu ya volteji ikumbukwe. Programu za kadi nyingi za picha huruhusu kupunguza kikomo cha nguvu. Kikishushwa mpaka asilimia 80, mwendo hupungua kidogo tu, ilhali joto hupungua kwa moja ya tano. Vilevile mchezo uzuiwe usizidi picha 60 kwa sekunde kama kioo hakionyeshi zaidi ya hapo. Kwa upande mwingine, kuongeza volteji ili kupata mwendo ni kukopa kutoka katika maisha ya sehemu. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya kupewa volteji iliyozidi. Ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza muda wa dhamana.

VYA MTUMBA

Si kila sehemu iliyotumika ni mbovu. Prosesa na RAM hazina kinachozunguka wala kinachokauka, na zikijaribiwa zikafanya kazi, mara nyingi hudumu. Pawa saplai, feni na diski ndizo zinazochakaa. Hizo zinunuliwe mpya. Kadi za picha zahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi zilitumika mchana na usiku "kuchimba" sarafu za kidijitali, hasa Ethereum, mpaka mtandao huo ulipoacha njia hiyo tarehe 15 Septemba 2022. Kadi ya namna hiyo ijaribiwe kwa mchezo mzito kwa nusu saa mbele ya muuzaji, na feni zake zisikilizwe.

Programu nazo huzeesha mashine. Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zenye prosesa za kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mnunuzi aulize mwaka wa prosesa, au awe tayari kutumia Linux.

DHAHABU ILIYOMO NDANI YA KOMPYUTA

Somo hili laishia pale lilipoanzia, kwenye dhahabu. Meno ya RAM na ya kadi ya picha hupakwa dhahabu nyembamba kwa sababu madini hayo hayashiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Hivyo sehemu ya kazi ya mchimbaji humrudia kijana wa machimbo ndani ya kompyuta yake.

Kutokana na hilo yapo maonyo mawili. Kwanza, zebaki hushika dhahabu popote ilipo. Mvuke wa zebaki inayochomwa karibu na kompyuta huweza kuathiri meno hayo, na pia hushambulia alumini ya vipozeo. Hata hivyo madhara makubwa ni kwa binadamu. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa katika Mradi wa Dunia wa Zebaki ulioendeshwa na UNIDO, na wachomaji wa zebaki walionekana kuwa na dalili za sumu hiyo. Zebaki isichomwe kamwe ndani ya nyumba, iwe ina kompyuta au haina.

Pili, kompyuta iliyokufa isichomwe wala isitiwe tindikali ili kutafuta dhahabu yake. Mbao za saketi zina risasi na plastiki ambazo moshi wake ni sumu. Mtaalamu wa machimbo, mwenye ujuzi wa kuchenjua, ndiye hushawishika zaidi; kwa hiyo ndiye anayepaswa kuonywa zaidi. Sehemu zilizo nzima zitumike kama vipuri vya shule, na zilizobaki zipelekwe kwa wakusanyaji waliosajiliwa.

MUHTASARI

Maisha ya kompyuta hupimwa kwa sehemu yake iliyo dhaifu. Mnunuzi aanze na kioo, akadirie wati, anunue pawa saplai yenye kapasita za nyuzi 105, azuie vumbi, atulize umeme, na achague vipimo vinavyopatikana popote. Mwenye karasha angeyaelewa haya bila kufundishwa.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kioo kina nukta 2,560 kwa 1,440. Kikionyesha picha 60 kwa sekunde, ni nukta ngapi hukokotolewa kila sekunde?

2. Kadi ya picha ina upinzani wa joto wa nyuzi 0.3 kwa wati na hutumia wati 130. Itafika joto gani katika chumba cha nyuzi 32? Ikipunguzwa mpaka wati 104 je?

3. Kapasita ya saa 3,000 katika nyuzi 105 inatumika katika nyuzi 75. Itadumu saa ngapi?

4. Kapasita kubwa ya pawa saplai ina maikrofaradi 390. Volteji yake ikishuka kutoka 380 hadi 300, hutoa nishati kiasi gani? Nishati hiyo yaweza kulisha mzigo wa wati 284 kwa milisekunde ngapi? Je, yatosha kuvuka pengo la milisekunde 10 ambalo UPS hulihitaji kubadili njia?

5. Jaribio: Weka vipande viwili vya kitambaa cheupe chenye unyevu kwa juma moja, kimoja karibu na dirisha la darasa na kingine ndani ya sanduku lenye kichujio cha wavu. Linganisha vumbi, kisha eleza kompyuta ya shule iwekwe wapi.

Majibu: (1) 221,184,000. (2) Nyuzi 71, nyuzi 63.2. (3) Saa 24,000. (4) Jouli 10.6, milisekunde 37, yatosha.